Bibi Anayemshuku Bwana Wake

Kati ya mashauri ya ndoa yanayofikishwa mbele ya padri au katekista, moja linarudi mara kwa mara: bibi anakuja kusema kwamba bwana wake ana mwanamke mwingine. Mara ya kwanza anasema kwa sauti ya chini, tena kwa haya. Mara ya pili analeta ushuhuda wa jirani. Mara ya tano analeta ndoto, harufu ya shati, salamu iliyotolewa mlangoni mwa kanisa. Hapo mchungaji anachoka. Akiwa mpole, anasema: «Vumilia, mama, usali.» Akiwa mkali, anasema: «Wewe una wivu tu, rudi nyumbani.» Kiisha anafunga mlango, akidhani shauri limekwisha.

Halikwisha. Pengine yule bibi alisema kweli tupu, naye amefukuzwa kama mwongo. Pengine anaanza kuugua akili, na baada ya mwaka mmoja damu itamwagika katika nyumba ile. Maneno ya kinywani mwake yanafanana katika hali zote mbili. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo inafaa kila padri na kila katekista ajue kupambanua. Hilo ndilo tunalotaka kueleza hapa, tukitazama hasa mahali kama Kalima, maana mashaka hayaoti hewani. Yanaota katika udongo fulani.

1. Udongo wa Kalima

Kalima iko mashariki ya Kindu, katika territwari ya Pangi, nchi ya Walega. Kompani ya Symétain, iliyoundwa mwaka wa 1932, ilichimba huko kasiterite, ndiyo mawe yanayotoa bati, ikajenga kambi za wafanyakazi. Watu waliotoka vijiji mbalimbali wakakaa nyumba kwa nyumba, mbali na wazee wao.

Katika kijiji cha zamani ndoa ilitazamwa na macho mengi. Mali ilitolewa mbele ya watu. Mke wa pili, kama alikuwapo, alijulikana: alikuwa na nyumba yake, na ukoo wake ulijulikana. Katika chama cha bwami mwanamume hakuweza kupanda peke yake hata ngazi za juu. Ilimpasa bibi yake aingizwe pamoja naye. Mwenye kufika kindi, ngazi iliyo juu ya zote, alikuwa na mkewe aitwaye kanyamwa, na heshima ya huyu ilifungwa na heshima ya yule. Hatusemi kwamba ndoa ya wake wengi ilikuwa njema. Eklezya inafundisha mume mmoja na mke mmoja, wala hatubadili neno hilo. Tunasema tu kwamba mambo yale yalikuwa wazi.

Baadaye Serkali ya Wabeleji ilikataza bwami mwaka wa 1948. Kiisha, kwa dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950, ilikataza ndoa mpya za wake wengi tangu tarehe 1 Januari 1951. Wakristu wengi walifurahi. Lakini sheria inaweza kukataza arusi. Haiwezi kukataza tamaa. Mke wa pili ambaye hakuweza kuonyeshwa tena alifichwa. Watu wakamwita dada wa mama, au mgeni wa nyumbani, au hawakumtaja kabisa. Kilichokuwa wazi kikawa siri, na siri ndiyo mama wa mashaka.

Halafu mshahara wenyewe ukafa. Makompani ya madini yaliunganishwa mwaka wa 1976 kuwa SOMINKI. Mwaka wa 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote. Mwaka wa 1997 SAKIMA ilichukua mahali pa SOMINKI. Vita vya mwaka wa 1996 na vya mwaka wa 1998 vilipita juu ya yote hayo. Waume wengi walibaki kuchimba kwa mikono yao wenyewe, wakilala majuma na miezi porini. Bibi aliyebaki nyumbani hajui bwana wake amepata kilo ngapi, wala ameuza kwa bei gani, wala ni nani anayempikia. Feza isiyoonekana inazaa maswali. Tena katika Kongo yetu watu wamempa mwanamke wa siri jina la kuchekesha, «biro ya pili», kana kwamba kumdanganya mke ni sehemu ya kazi.

Basi, kanuni ya kwanza ni hii: bibi wa kambi anayeshuku, mara nyingi ana sababu. Usianze kwa kumkanusha.

2. Mashaka ya namna tatu

Namna ya kwanza ni mashaka ya haki. Bwana amekosa kweli, au ameanza kuelekea huko, na bibi ameona. Huyu haumwi. Anaumizwa.

Namna ya pili ni mashaka ya hofu. Huenda bwana hajakosa, lakini bibi ana kidonda cha zamani: baba yake alimwacha mama yake, au hakuzaa, naye anasikia mashemeji wakinong'ona, au alikwisha kudanganywa mara moja na bado hajapona. Hofu yake inalishwa na maneno ya kisimani. Lakini ana alama moja njema: akionyeshwa ukweli, anatulia. Anaweza kusema: «Labda nimekosa kufikiri hivyo.»

Namna ya tatu ni mashaka ya ugonjwa. Hapa akili imekamatwa na wazo moja, wala haiwezi kujiachilia. Madaktari wameuchunguza ugonjwa huu tangu zamani. Mdachi Karl Jaspers aliandika juu yake mwaka wa 1910. Mwaka wa 1955 madaktari wawili Waingereza, John Todd na Kenneth Dewhurst, waliupa jina la Othello, yule jemadari katika mchezo wa Shakespeare aliyemwua mke wake asiye na kosa kwa sababu ya leso moja. Katika mchezo ule anayeshuku ni mume. Hospitalini wanaonekana waume na wake vilevile.

Sasa tunafika kwenye neno kubwa la maelezo haya. Wengi wanadhani njia ya kutambua ugonjwa ni kuchunguza kama bwana ana kosa: akiwa mwovu, basi bibi ni mzima, akiwa mwema, basi bibi ni mgonjwa. Si hivyo. Bibi mzima anaweza kukosea juu ya bwana mwema. Na bibi mgonjwa anaweza kuwa na bwana mzinzi kweli kweli! Alama ya ugonjwa haimo katika mwenendo wa bwana. Imo katika njia anayopita bibi katika kufikiri. Mtu mzima anaona jambo, kiisha anapata mashaka. Mgonjwa ana uhakika kwanza, kiisha anatafuta mambo ya kuutegemeza.

3. Tuweke mfano

Tuwaze bibi mmoja wa kambi, ameolewa miaka kumi na minane, ana watoto watano. Bwana wake anarudi kutoka machimbo na feza kidogo kuliko desturi. Bibi anauliza. Bwana anajibu vibaya, kwa sababu ana deni analolificha. Mpaka hapa bibi amefikiri sawasawa: kweli kuna siri, ingawa si ile anayoiwaza.

Baada ya miezi mitatu anahesabu saa za bwana wake, ananusa nguo zake, anafungua simu yake usiku. Bwana akileta nyama, bibi anasema: «Analipa kosa lake.» Asipoleta, anasema: «Ameipeleka kule.» Angalia vizuri hapo: mambo mawili yanayopingana yanatoa jibu moja. Mlango wa ukweli umefungwa.

Baada ya mwaka, mshukiwa si mwanamke wa machimboni tena. Ni mdogo wake mwenyewe. Kiisha ni mwimbishaji wa kanisani. Kiisha watu wote wa kambi wanajua na kumcheka. Mtu akikohoa kwenye Misa, ni ishara. Mwishoni bibi anakataa chakula kilichopikwa na mdogo wake, akisema kimetiwa sumu. Halali. Ameweka panga chini ya kitanda.

Kila hatua ilikuwa fupi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Jirani aliyeona hatua moja tu alisema: «Wivu wa kawaida.» Mchungaji anayewajua watu wake kwa miaka ndiye anayeweza kuona njia yote.

Alama za kushika kichwani ni hizi:
— Uhakika hautikisiki, hata kwa ushuhuda wa mtu ambaye bibi mwenyewe alimchagua.
— Mambo yanayopingana yanathibitisha neno lilelile.
— Washukiwa wanaongezeka, na mambo madogo ya watu wa mbali yanakuwa ishara kwake.
— Usingizi, kazi na malezi ya watoto vinaharibika.
— Kunatajwa sumu, ulozi, au kulipiza kisasi.

Alama moja peke yake si hukumu. Zikionekana nyingi pamoja, usingoje.

4. Mwili nao husema

Tusisahau kwamba roho na mwili vinakaa nyumba moja. Mashaka yanayoanza kwa mtu aliyekuwa mtulivu siku zote yanaweza kutoka katika ugonjwa wa mwili. Bibi aliyezaa karibuni anaweza kupatwa na wazimu wa uzazi katika majuma ya kwanza. Ni jambo la haraka, maana mama na mtoto wote wamo hatarini. Mzee anayeanza kuwa kiziwi anaona midomo ikienda bila kusikia maneno, anadhani anasengenywa. Pombe ya miaka mingi inaleta wivu wa namna hii, na tezi ya shingo ikiharibika inaweza kugeuza tabia.

Katika nchi yetu ya Maniema tutaje kwa namna ya pekee malale. Ugonjwa huu, unaoletwa na mbung'o, unakwenda polepole. Ukifika kwenye ubongo unageuza usingizi: mgonjwa anasinzia mchana, anakesha usiku. Unageuza na tabia: mpole anakuwa mkali, mwenye adabu anapoteza haya. Wangapi waliitwa walozi au wenye pepo, kumbe damu yao ilikuwa na vijidudu vya malale! Leo dawa si ngumu kama zamani. Tangu mwisho wa mwaka wa 2018 Kongo imekubali fexinidazole, vidonge vya kumezwa siku kumi, vinavyowafaa wagonjwa wengi. Kwa hiyo, mtu aliyebadilika asipelekwe kwanza kwenye sala za kufukuza pepo. Apelekwe kwanza kupimwa.

5. Makosa manne ya mchungaji

Kosa la kwanza ni kumwapisha bwana. Padri anamwita, anamwekea Msalaba mbele, anasema: «Apa mbele ya bibi yako.» Bwana anaapa, bibi anatulia jioni ile, kesho anasema: «Ameapa kwa uongo.» Kwa mgonjwa, kiapo ni kama maji ya chumvi kwa mwenye kiu. Wazee walitumia mwavi, na Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinasimulia juu ya maji machungu aliyonyweshwa mke aliyeshukiwa. Lakini tazameni: maji yale yaliwekwa kwa wivu wa mume tu, hakuna yaliyowekwa kwa wivu wa mke. Hata Kitabu cha Sheria za Jamaa cha Kongo cha mwaka wa 1987, kabla ya kurekebishwa mwaka wa 2016, hakikupima uzinzi wa mume kwa mizani ya uzinzi wa mke: kosa la mume liliadhibiwa tu likiwa na mambo yanayolifanya kuwa tukano kubwa. Eklezya haisemi hivyo. Kanuni 1135 inawapa wote wawili wajibu na haki sawa. Basi padri asiyachukue mashaka ya mume kama shauri kubwa, na mashaka ya mke kama kichekesho.

Kosa la pili ni kumtafuta mwenye kulaumiwa. Kuna mafumu, na kuna manabii wa vyumba vya sala, wanaofumba macho na kutaja jina la «mwanamke yule». Siku hiyo mwanamke asiye na kosa anaingia katika hatari ya kupigwa au kuchomewa nyumba. Padri asishiriki mchezo huo hata kwa kunyamaza. Tena akumbuke kanuni 1172: hakuna anayeruhusiwa kumfukuza pepo mtu kwa ibada ya Eklezya bila ruhusa ya wazi na ya pekee ya Askofu.

Kosa la tatu ni kupeleka maneno. Katekista anaombwa: «Mwalimu, umchungulie bwana wangu huko machimboni.» Akikubali, amekuwa mpelelezi, hakuna mume atakayemwamini tena, wala mke. Na padri aliyesikia jambo katika ungamo, hata kama linaweza kuokoa ndoa nzima, haruhusiwi kulifunua wala kulitumia kwa kumwumiza aliyeungama (kanuni 983 na 984). Akiulizwa na bibi: «Bwana wangu ameungama nini?», hata uso wake usijibu.

Kosa la nne ni neno lile «vumilia», likitolewa kwa kila mtu. Uvumilivu ni fadhila. Kulala karibu na panga si fadhila. Kanuni 1153 inaruhusu mmoja wa wenye ndoa kutengana na mwenzake akiwa katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, yeye au watoto. Na kama kukawia ni hatari, hata kwa shauri lake mwenyewe, bila kungoja barua ya Askofu. Kutengana huko si kuvunja ndoa. Ni kulinda uhai mpaka hatari ipite.

6. Njia ya kusaidia

Kwanza, wasikilize wote wawili, kila mmoja peke yake, tena zaidi ya mara moja. Muulize bibi: jambo hili lilianza lini? Kabla ya hapo mlikaa namna gani? Unalala? Unakula? Umewaza kujiua au kumwua mtu? Usiogope swali hili la mwisho. Kuuliza hakupandi wazo.

Ukiona mashaka ya haki, kazi yako iko kwa bwana, si kwa bibi. Usimwombe bibi asamehe kabla bwana hajaacha kukosa. Ni kweli kwamba Eklezya inamsihi aliyekosewa asinyime msamaha (kanuni 1152), lakini msamaha si kibali cha kuendelea.

Ukiona mashaka ya hofu, omba mwanga uingizwe nyumbani. Bwana aeleze feza zake, deni zake, safari zake. Mume wa machimboni anayemwonyesha bibi yake hesabu ya kilo zake anafanya kazi ya kitume kuliko anavyodhani. Na bibi afundishwe kuziba masikio yake kisimani. Mtakatifu Yosefu naye alikuwa na sababu ya kufadhaika (Matayo 1), lakini hakulipeleka shauri lake sokoni.

Ukiona mashaka ya ugonjwa, usibishane na bibi, wala usimkubalie. Sema ukweli unaoujua: «Mama, naona unateseka. Mimi sijaona mambo hayo, siwezi kuyashuhudia. Lakini najua hulali, na mwili wako umekonda. Twende kwa daktari juu ya usingizi.» Mgonjwa wa namna hii hajioni mgonjwa, hatakubali dawa ya «wazimu», lakini mara nyingi atakubali msaada wa kulala. Bwana aonywe asimpige, asimtanie, asimtangaze kambini, wala asikubali mahojiano ya usiku kucha. Panga litolewe. Watoto wapelekwe kwa bibi yao mzaa mama au kwa shangazi kama kuna vitisho. Na yule mwanamke anayetajwa aambiwe kwa busara, ili ajilinde.

Kiisha apelekwe hospitalini. Daktari wa kawaida anaweza kuanza: atapima damu, atatafuta malale na magonjwa mengine, ataandika dawa za kutuliza akili. Shauri likiwa zito, Bukavu kuna kituo cha Sosame cha Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa Gent katika Ubeleji mwaka wa 1807, ambalo liliwachukua wagonjwa wa akili kama ndugu. Bukavu ni mbali na Kalima, na njia ni mbaya. Ndiyo maana safari isingojewe mpaka damu imwagike. Jumuiya ya Wakristu inayochanga kwa mazishi ichange pia kwa matibabu.

Mwisho, juu ya sakramenti. Kuugua si dhambi. Bibi huyu asitengwe na Komunyo kwa sababu anasema maneno ya ajabu juu ya jirani zake. Padri apime kiasi cha ujuzi na uhuru alio nao. Na bwana akija kusema: «Mke wangu amekuwa mwenda wazimu, unifungulie ndoa,» mjibu kwa upole lakini kwa wazi: kanuni 1095 inatazama akili ya mtu siku ile alipotoa neno la ndoa. Ugonjwa uliokuja baadaye haufungui kifungo. Siku ya arusi aliahidi afya na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio huu.

Basi yule bibi wa mfano wetu alihitaji nini? Katika mwezi wa kwanza alihitaji bwana aseme juu ya deni lake. Katika mwezi wa tatu alihitaji mtu wa kumsikiliza bila kucheka. Baada ya mwaka alihitaji daktari, na mlinzi wa nyumba yake. Mchungaji aliyemwambia «vumilia» katika nyakati zote tatu alimnyima mara tatu. Ninyi mnaojiandaa kwa upadri, na ninyi makatekista mnaokaa karibu na milango ya watu kuliko sisi, jifunzeni kuuliza kabla ya kujibu: mashaka haya ni ya namna gani, na yamefika hatua gani? Swali hilo dogo laweza kuokoa uhai wa mtu.